Nge Mwekundu: Magari Yaliyotekwa

"Geuka polepole. Mikono niione."

Ndugu msomaji, wiki jana tulimwacha Brashi pabaya. Fundi rangi huyu alikuwa amejikunja ndani ya gari la deraya lililoungua, msasa mkononi, mdomo wa bastola kisogoni. Mbele ya macho yake, upande wa ndani wa mlango wa dereva, chini ya masizi aliyokwisha kuyakwangua, yalisomeka maneno mawili aliyoyaandika yeye mwenyewe kwa rangi nyeupe siku kaka yake alipokwenda vitani: SUBIRINI, NARUDI.

Hili halikuwa gari la adui. Lilikuwa letu. Na dereva wake alinyonya ziwa moja na Brashi.

Akageuka. Nyuma ya bastola alisimama Kapteni, mtu mfupi mwenye viatu vinavyong'aa kuliko nia yake.

"Unasoma nini humo?"

"Sisomi, afande. Nakwangua masizi."

"Mimi naona maandishi."

"Mimi naona kazi."

Kapteni alitabasamu, kisha akamtandika kitako cha bastola mdomoni. Jino likang'oka kama punje ya hindi na kudunda kwenye bati.

"Na sasa unaona nini?"

Brashi alitema damu. "Masizi, afande."

"Hapo tunaelewana."

Mwenye akili angenyamaza. Lakini ndugu si kovu useme utalizoea. "Dereva wa gari hili yuko wapi?" Brashi akauliza.

"Gari la adui, dereva wa adui. Yuko jehanamu. Uliza tena nikupeleke ukamsalimie."

Kapteni akashika mtungi wa gesi uliokuwa ubavuni mwa gari, akawasha moto wa kuchomelea, akaulaza juu ya yale maneno. Rangi nyeupe ikatokota, ikavimba, ikawa nyeusi. Brashi alitazama mpaka herufi ya mwisho ilipokwisha.

"Jenerali anakuja adhuhuri na waandishi wa habari," Kapteni akasema. "Nataka kijani cha adui na nge wao mwekundu kila mlango. Gari hili litangulie mbele, maana pua yake ni nzima. Likibaki doa, nitalisugua kwa ulimi wako."

* * *

Kwa wewe uliyeingia leo, habari ni fupi na ni chafu. Malori ya jeshi yalikuwa yamevuta mizoga ya magari ya deraya mpaka uani kwa Mjomba, yamefunikwa maturubai, wakawekwa walinzi getini. Amri ilikuwa moja. Magari yetu yaliyoteketea yapakwe rangi ya adui, yaoneshwe kwa wananchi, yaitwe nyara.

Kwa nini? Kwa sababu jioni ile Bunge lilikuwa linaombwa fedha za kununua mengine kama hayohayo, kwa muuzaji yuleyule. Nani anunue tena kapu lililomwaga unga wake njiani?

Mjomba, mwenye gereji, ndiye aliyewalea Brashi na kaka yake baba yao alipokufa. Alimwona mpwa wake anatoka garini na shati jekundu kifuani, akajua, asiulize. Akamletea maji ya kusukutua.

"Ni la Kaka," Brashi akasema.

Mzee akakaa juu ya tairi. Kwa muda alikuwa anaitazama nyundo yake kama mtu aliyesahau matumizi yake.

"Una hakika?"

"Mwandiko wangu nisiujue, Mjomba?"

Redio kwenye rafu, katikati ya makopo ya rangi, ilikuwa inapiga kifua. Majeshi yetu yanasonga mbele katika kila uwanja wa mapambano. Adui anatupa silaha na kukimbia. Hakuna hata askari wetu mmoja aliyepoteza maisha.

"Wanasonga mbele," Mjomba akasema polepole. Alinyoosha kidole kuonesha nyuma ya gari, palipokuwa na tundu kubwa la kupitisha kichwa cha ng'ombe. "Wewe umewahi kuona anayesonga mbele akapigwa matakoni?"

"Zima hiyo redio."

"Nikizima watauliza kwa nini nimezima." Mzee aliingiza kidole kwenye tundu lingine dogo, akakitoa upande wa pili bila shida. "Walitukata mishahara wakanunua haya. Zahanati ikafungwa. Tukaambiwa tufunge mkanda, chuma hiki hakipenyeki. Mkanda nimefunga mpaka umefika uti wa mgongo. Chuma kiko wapi, mjomba? Hili ni bati la kopo la nyanya limevalishwa gwanda."

"Mama asijue," Brashi akasema.

Kwa Mama yao redio ile ilikuwa dawa ya presha. Kila ushindi ulipotangazwa alipiga vigelegele, akawaambia majirani, "Huyo ni wangu. Ni mwanangu anaendesha hapo." Asubuhi ile alikuwa ametoka mapema kwenda uwanjani mjini ili apate nafasi ya mbele, awaone adui waliomfanya mwanawe asilale nyumbani.

"Kwanza tujue kama yu hai au maiti," Mjomba akasema. "Shika kazi. Anayelia anaonekana."

Wakashika kazi. Unajua fundi rangi anavyofanya. Kabla ya kupuliza rangi, huziba kila kisichotakiwa kupakwa. Huchukua magazeti ya zamani na selotepu, akafunika vioo, taa, kufuli, kibao cha namba. Hafikiri. Mikono yake inafanya kama midomo inavyosema pole. Brashi aliziba huku mdomo unavuja damu na kichwa kiko kwa Kaka, kwenye moto.

Magazeti yenyewe yalikuwa marundo ya gazeti la serikali, yote yana ushindi ukurasa wa kwanza.

"Angalau leo limepata kazi ya kweli," Mjomba akanong'ona.

Mashine ikanguruma. Ukungu wa kijani ukaanza kulimeza gari.

* * *

Mlinzi wa karibu alikuwa Koplo Meno, askari mwenye pengo na kicheko kisichokuwa na furaha. Alisogea akajifanya anaomba kiberiti.

"Usinitazame," akasema. "Puliza rangi yako. Wewe ni mdogo wake dereva wa hili, siyo? Mna masikio yaleyale."

Brashi akasahau kusogeza mkono, rangi ikachuruzika mlangoni.

"Hakufa," Koplo akasema. "Nilimvuta mimi." Akafungua viganja vyake. Ngozi ilikuwa imekunjamana, nyekundu, inang'aa kama nyama iliyotolewa jikoni kabla haijaiva. "Sisi wengine nyuma tulikuwa wanne. Nilimvuta yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa bado anapiga kelele."

"Yuko wapi?"

"Hospitali haimtaki. Redio imesema hakuna majeruhi, sasa daktari atamtibu nani? Tumewafungia kwenye..."

"Koplo."

Kapteni alikuwa nyuma yao.

"Naomba kiberiti, afande."

"Unaomba kiberiti kwa fundi aliyezungukwa na petroli na rangi." Kapteni alimtazama, akatazama viganja vyake. "Kaa getini. Wamefika."

Wamefika. Kabla ya wakati, na nge hata mmoja bado hajachorwa.

"Bandueni magazeti," Kapteni akafoka. "Haraka."

Brashi alibandua karatasi ya taa ya kushoto. Akabandua ya kulia. Akainama kubandua ya katikati, pale puani, na mkono ukamfia hewani.

Kibao cha namba. Alikuwa amekiziba.

Miaka yote ya kazi aliziba namba, na leo, siku namba ilipotakiwa izikwe chini ya rangi nzito, mikono yake imeihifadhi kama yai. Nyuma ya karatasi ile kulikuwa na namba ya jeshi letu, safi, haijaguswa na moto wala kijani. Gari zima lilikuwa la adui isipokuwa jina lake.

Geti likafunguka. Brashi akageuka, akaegemeza mgongo kwenye pua ya gari, akafunga mikono kama mtu anayepumzika.

Jenerali aliingia akitanguliwa na tumbo na manukato. Nyuma yake wapiga picha, na mwandishi wa habari mmoja mwanamke mwenye miwani minene aliyekuwa hacheki walipocheka wenzake.

"Haya ndiyo meno ya adui," Jenerali akasema. "Tumeyang'oa." Akapiga gari kofi la kirafiki. Kiganja kikarudi kijani.

Wapiga picha wakatazama kando. Kapteni akaleta kitambaa.

"Rangi yao mbovu," Jenerali akasema akijifuta. "Haikauki."

"Jenerali," akasema yule mwanamke, tumwite Miwani, "kama tunashinda hivi, Bunge linaombwa fedha zaidi za nini?"

"Ushindi una gharama, binti."

"Na kushindwa?"

"Sijawahi kushindwa, kwa hiyo sijui bei yake. Piga picha." Akamgeukia Brashi. "Wewe, sogea."

"Afande, rangi bado ni mbichi hapa. Itakuchafua."

"Sogea nimesema."

Brashi alisogea nusu hatua. Kapteni akamvuta ukosi, akamtupa chini.

Jenerali akatazama pua ya gari, uso ukabadilika. Kwenye ile karatasi, ukurasa wa kwanza, ilikuwapo picha yake mwenyewe, na nishani zake zote, kichwa chini miguu juu, na michirizi ya kijani imemtiririka puani.

"Nani ameniweka hivi?"

Kapteni akanyoosha shingo kutazama.

"Nauliza, nani amenibandika kichwa chini kama popo?"

"Jenerali, acha tu, nitaitoa..." Kapteni alikuwa ameelewa. Rangi ilimtoka usoni. Alikimbia, lakini kiburi kina mikono mirefu. Jenerali alikwishaishika ile karatasi pembeni, akaichana kwa mvuto mmoja.

Namba ikatazama watu. Watu wakaitazama namba.

Kamera moja ikalia. Kisha zote.

* * *

"Chukueni hizo kamera," Kapteni akasema.

Mpiga picha wa kwanza alipigwa kitako cha bunduki shingoni, akaanguka uso kwenye sakafu ya saruji, asinyanyuke. Wa pili aliitoa kamera mwenyewe, wakampiga hata hivyo. Miwani alipokwa kinasa sauti, miwani yake ikakanyagwa, na alipoinama kuiokota wakamkanyaga vidole. Alikuwa anauliza swali lilelile muda wote, kwa sauti ileile, "Hili gari ni la nani?" mpaka walipomburuta nje kwa nywele.

Jenerali alikuwa amesimama, kipande cha karatasi mkononi, uso wake nusu mkononi na nusu bado garini.

"Nani kaziba namba?" Kapteni akauliza.

Brashi alikuwa bado chini. Akafungua mdomo.

"Mimi," Mjomba akasema.

"Mjomba, hapana."

"Nyamaza, wakubwa wanaongea." Mzee akajifuta mikono kwenye suruali, akasogea mbele. "Mimi nimeziba. Naziba namba tangu wewe Kapteni hujaota ndevu. Mkono umezoea."

"Mkono gani?"

Mzee akafikiri. "Huu wa kulia."

Kapteni akauweka ule mkono juu ya meza ya chuma. Akaichukua nyundo ya Mjomba mwenyewe, ile ya kunyooshea bodi. Mlio wake tutauacha. Inatosha kusema askari mmoja alitapika, na Brashi alishikwa na wanne.

Mjomba hakupiga kelele. Alipumua tu kwa kishindo, kama ng'ombe aliyebebeshwa, kisha akainua kichwa akamtazama Jenerali.

"Bado wa kushoto," akasema. "Na ukimaliza wa kushoto, bado namba ipo. Ipige nyundo hiyo. Mimi nimenyoosha bodi maisha yangu yote, Mkubwa, nakwambia bure, hapa hapanyooshwi. Watoto wa watu mmewafungia ndani ya kopo, mkawasha moto, mkaja kupaka rangi kopo."

Jenerali alimtazama Kapteni, akainamisha kichwa kidogo, kama anayekubali chai iongezwe.

Risasi ilikuwa moja. Mjomba alikaa chini taratibu, mgongo kwenye lile tairi alilokalia asubuhi. Hakuinuka tena.

Brashi alimng'ata askari mkononi mpaka akahisi mfupa. Walimpiga mpaka dunia ikawa ndogo kama tundu la ufunguo.

* * *

Aliporudiwa na fahamu alijikuta yumo nyuma ya lori lililofungwa turubai. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa miguuni pake, na brashi ndani yake. Mbele yake Kapteni alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba.

"Jenerali ana tatizo," Kapteni akasema, kwa upole kabisa. "Watu wamejaa uwanjani. Ameahidi kuwaonesha adui. Magari umeyaharibu. Itabidi tuwape kitu kingine."

Akavuta blanketi.

Wanaume watatu waliketi sakafuni, mikono nyuma, miguu kwa kamba. Wamevalishwa makoti ya kijani ya adui. Nyuso zote zimezungushiwa bandeji, midomo imefungwa kwa kitambaa. Harufu yao ilikuwa ya nyama na dawa.

"Mateka," Kapteni akasema. "Makoti tumeyapata, nge hatuna. Mchoree kila mmoja kifuani. Hiyo ndiyo kazi yako, siyo?"

Koplo Meno, aliyekuwa ameshika turubai, alikohoa. Alikuwa anamtazama yule wa mwisho tu, bila kupepesa.

Brashi akamtazama yule wa mwisho. Jicho moja lilikuwa wazi katikati ya bandeji. Lile jicho likamkonyeza, kama lilivyokuwa linamkonyeza utotoni Mama alipouliza nani kala sukari.

Brashi akainamia kopo la rangi upesi mno.

"Unamjua huyo?" Kapteni akauliza.

"Simjui, afande."

"Hakika?"

"Adui nitamjulia wapi?"

"Vizuri. Wakishaoneshwa, kazi yao imekwisha. Wananchi wana hasira. Tumewamwagia lori la mawe pale mbele ya jukwaa. Mateka akiuawa na wananchi, nani ataliuliza jeshi?" Kapteni akatazama saa. "Chora. Ukimaliza utakaa nao hapahapa, ushuke nao. Fundi aliyekamatwa akiwasaidia adui, inapendeza."

Hapo ndipo Brashi alipochovya brashi. Usimhukumu upesi, wewe uliyeketi na gazeti lako. Akikataa, watakufa humu gizani, yeye na Kaka, na hakuna jicho litakaloona. Akichora, watatoka nje. Nje kuna jua na macho elfu, na pengine katika elfu lipo moja litakalotambua.

Akapiga magoti mbele ya ndugu yake. Akachora mkia. Akachora miguu. Chini ya koti kifua kilikuwa kinatweta, kinawaka moto. Akainama kana kwamba anarekebisha mstari.

"Nikikwambia lala, lala," akanong'ona. "Nitalala juu yako."

Jicho likafumba, likafumbua.

Lori likasimama. Nje, sauti za watu zilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Kipaza sauti kilikuwa kinasema, "Hawa ndio waliowachoma moto watoto wenu."

"Watoto gani?" Koplo Meno akasema ghafla. "Si walisema hakuna aliyeungua?"

Kapteni akamgeukia. Koplo akatazama viganja vyake, akafungua turubai.

Jua likawapiga usoni. Wakasukumwa wakaanguka vumbini, wote wanne, nge wekundu bado wabichi vifuani mwa wale watatu. Brashi akainua kichwa, damu machoni, akatafuta katika ule ukuta wa watu jicho moja la kutambua.

Akalipata. Lilikuwa mbele kabisa, kwenye kamba, pale alipodamka asubuhi kuwahi nafasi. Mama yake. Lakini hakuwa anamtazama yeye aliyejaa damu na vumbi. Alikuwa anamtazama yule mwenye bandeji na nge kifuani, na uso aliokuwa nao Mama, Brashi hakuwahi kuuona. Redio imemwambia siku zote, na leo kipaza sauti kimemwonesha. Huyu ndiye anayemchoma mwanangu.

"Mama!" Brashi akapiga kelele. "Mama, ni Kaka!"

Umati ulikuwa unanguruma. Sauti yake haikuvuka hata kamba.

Mama alikuwa ameshika jiwe kwa mikono miwili. Akaliinua juu ya kichwa. Brashi akajitupa kwa ndugu yake, na kamba za miguuni mwa mateka mwingine zikamkwaza, akaanguka kabla hajamfikia.

Jiwe likatoka mikononi mwa Mama.